Ufundi wa Kulijua Kosa

Vitu viwili vyenye uzito huvutana, na ukubwa wa mvuto huo hukokotolewa kwa kutumia namba ambayo wanafizikia huiita G. Thamani yake iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2018 huanza na tarakimu 6.67430, na pembeni yake pameandikwa kwamba inaweza kuzidi au kupungua kwa 0.00015. Wasomaji wengi hushika namba ya kwanza na kuiruka ya pili. Mimi huvutwa na hiyo ya pili.

Namba ya kwanza inaeleza ulimwengu ulivyo. Ya pili inaeleza tumefika wapi katika kuujua. Kuipata ni kazi ya miaka, na ni kazi ya maswali yasiyoleta sifa. Je, joto la chumba lilipanda wakati wa kupima? Uzi unaobeba mizani umeanza kulegea? Henry Cavendish, aliyepima mvuto huo London mwishoni mwa karne ya 18, aliifungia mizani yake chumbani na kuisoma kwa darubini akiwa nje, ili joto la mwili wake lisiitikise hewa inayoizunguka. Hakuna anayejengewa mnara kwa kuandika 0.00015, lakini tukiiondoa, ile 6.67430 inabaki kuwa tetesi.

Nataka kuwasifu watu wa kazi hiyo. Wamo wanaochunguza makosa ya upimaji, wamo wa makosa ya ukokotoaji, wamo wanaobuni misimbo ya kulinda ujumbe usiharibike njiani, na wamo wanafalsafa wanaouliza binadamu anawezaje kujua lolote ilhali hukosea kila siku. Chuo kikuu kimewapa majengo tofauti, na mara nyingi hawasomi maandishi ya wenzao. Hata hivyo ufundi wao ni mmoja: kuiona tofauti ndogo, kukataa kuifuta, na kukaa nayo mpaka ieleze ilikotoka.

Wahenga wametuachia msemo kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mpimaji anaweza kuuchukua kama sheria ya kazi yake, kwa kuwa makosa anayopambana nayo yako ya jamii mbili. Yapo yanayokuja ovyo, leo juu, kesho chini. Hayo ukipima mara nyingi na kutafuta wastani, yanafutana yenyewe. Yapo pia yanayoegemea upande mmoja siku zote, na hayo ukipima mara nyingi unayarudia tu. Mizani ya muuza maharage ambayo springi yake imelegea itaiita kilo moja kilo na robo, hata uipimie mara mia, na majibu yote mia yatapatana vizuri kabisa.

Kwa jamii ya kwanza dawa ilipatikana zamani. Mwaka 1805 Adrien-Marie Legendre alichapisha njia ya kuchagua, kati ya majibu yote yanayowezekana, lile ambalo miraba ya tofauti zake na vipimo ikijumlishwa inatoa kiasi kidogo kuliko jibu lingine lolote. Carl Friedrich Gauss akaieleza kwa kina mwaka 1809, akisema alikuwa akiitumia tangu 1795. Kipaji chake katika kazi ya namna hiyo kilikuwa kimekwisha kuonekana. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Giuseppe Piazzi aliona nukta ya mwanga isiyokuwemo kwenye orodha ya nyota. Ikaitwa Ceres. Baada ya wiki chache ilipotelea kwenye mng'ao wa jua, na hakuna aliyejua itatokea wapi. Gauss, kijana wa miaka 24, alivichukua vipimo vichache vya Piazzi, kila kimoja na dosari yake, akakokotoa njia ya mzunguko wake. Mwishoni mwa mwaka uleule Ceres ikaonekana karibu na pale alipoelekeza.

Jamii ya pili haina dawa ya jumla. Kila kosa la namna hiyo lina asili yake, na sharti liwindwe peke yake.

Mtu aliyeonja uchungu wake ni Pierre Méchain. Mwaka 1792, katikati ya mapinduzi, Ufaransa iliwatuma wanafalaki wawili kupima mstari wa kaskazini hadi kusini kutoka Dunkerque hadi Barcelona. Kipimo kipya cha urefu, mita, kilikusudiwa kuwa sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Jean-Baptiste Delambre alipewa upande wa kaskazini, Méchain upande wa kusini. Walibeba duara la Borda, chombo kilichobuniwa ili pembe ileile ipimwe tena na tena bila kukirudisha mwanzo, na hivyo makosa madogo ya usomaji yagawanyike mpaka yakaribie kwisha.

Majira ya baridi ya 1792 kuingia 1793, Méchain alipanda kilima cha Montjuïc, Barcelona, na kutafuta latitudo yake kwa nyota. Kisha Uhispania na Ufaransa zikaingia vitani, naye akazuiwa kuondoka. Majira ya baridi yaliyofuata alipima tena, safari hii kwenye nyumba ya wageni mjini, mwendo usiofika kilomita mbili kutoka kilimani. Alipoviunganisha vituo viwili kwa pembetatu, hesabu zilipaswa kukutana. Zikaachana kwa sekunde tatu na kidogo za pembe. Sekunde ya namna hiyo ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii. Juu ya ardhi, sekunde tatu ni kama mita mia.

Hakumwambia mtu. Alirudia hesabu, akajilaumu, akachelewesha kurejea Paris. Wanasayansi wa nchi mbalimbali walipokusanyika huko kuhakiki kazi yote, aliwakabidhi vipimo vilivyopangwa ili tofauti isionekane. Juni 1799 mita ya platini ikawekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Méchain hakupata utulivu. Alirudi Uhispania mwaka 1803 kuendeleza upimaji, na mwaka 1804 akafa huko kwa homa. Delambre alipofungua daftari zake ndipo alipoiona siri. Hakuzichoma. Alieleza tofauti hiyo katika kitabu cha kazi yao na kuziweka daftari kwenye kituo cha falaki cha Paris, ili watakaokuja wazipekue.

Wakaja kweli. Mwaka 1828 mwanafalaki Nicollet alivipitia vipimo hivyo na kuonyesha kwamba chombo kilikuwa kikiegemea upande mmoja. Ukizitenga nyota zinazopita kaskazini ya utosi na zile zinazopita kusini, kisha ukaziwekea uzito sawa, sehemu kubwa ya tofauti hutoweka. Huu ndio msiba wa Méchain. Alikuwa makini kuliko karibu kila mpimaji wa zama zake, na vipimo vyake vya kila kituo vilipatana vyenyewe kwa vyenyewe kiasi cha kushangaza. Aliamini kwamba vipimo vinavyopatana namna hiyo haviwezi kuwa mbali na ukweli. Lakini chombo kilichobuniwa kurudia kipimo kilikuwa kikirudia kosa. Na hata hivyo mita yenyewe haikupotoshwa hasa na yeye. Ni fupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa, na sababu kubwa ni kwamba dunia haina umbo laini walilolidhania wakokotoaji.

Wakati Méchain akiteseka, kijana mmoja Uingereza alipoteza kazi kwa kosa la jamii hiyohiyo. Katika kituo cha falaki cha Greenwich, David Kinnebrook alikuwa msaidizi wa Nevil Maskelyne. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota ikivuka nyuzi za darubini huku akisikiliza mapigo ya saa, kisha kukadiria ilivuka katika sehemu ipi ya kumi ya sekunde. Nyakati zake zilichelewa nyuma ya zile za bwana wake. Akaonywa; tofauti ikaongezeka hadi sekunde 0.8. Mwaka 1796 Maskelyne alimfukuza. Kinnebrook alifariki mwaka 1802.

Miaka mingi baadaye Friedrich Wilhelm Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, alisoma habari hiyo na kuuliza jambo ambalo Maskelyne hakuliuliza: je, bwana mwenyewe ana uhakika gani? Aliwalinganisha wanafalaki mahiri wawili wawili, naye akiwemo, na akakuta wanaachana, safari nyingine kwa sekunde nzima na zaidi. Hapakuwa na uvivu wala uzembe. Jicho na sikio la kila mtu huunganisha kazi zao kwa mwendo wake. Kuanzia hapo wanafalaki walianza kujipima wenyewe kama walivyozipima nyota, na kuondoa katika kila kipimo mchango wa mtu aliyekitwaa. Ni vigumu kufikiria unyenyekevu ulio na faida kubwa kuliko huo.

Aliyeupeleka mbali zaidi ni Mmarekani Charles Sanders Peirce. Leo hutajwa kama mwanafalsafa, lakini mshahara wake kwa miaka mingi ulitoka kwenye idara ya serikali ya kupima pwani za Marekani. Mwaka 1872 alimchukua kijana asiye na uzoefu wowote na kumtaka abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Mara 500 kwa siku, kwa siku 24. Peirce alitaka kuliona kosa la binadamu likikua na kubadilika: kijana aliyeanza kwa kutawanyika sana alizidi kuwa na mwendo mmoja kadiri alivyozoea. Peirce aliona kwamba majibu yake yanafuata mchoro wa kengele unaotokana na nadharia ya makosa ya ovyo. Mwaka 1929 Edwin Wilson na Margaret Hilferty walizirudia takwimu zilezile na kuonyesha kwamba zinaukiuka mchoro huo waziwazi. Waliweza kumsahihisha kwa kuwa Peirce alichapisha takwimu za kila siku moja moja, na hakuificha kazi yake nyuma ya wastani mmoja.

Mwaka 1875 alipelekwa Ulaya kupima nguvu ya mvutano kwa pendulamu, uzito unaoning'inia na kubembea. Ukijua urefu wake na muda wa kila mbembeo, unajua mvutano wa mahali hapo. Akiwa Geneva, Peirce aligundua kwamba stendi iliyoibeba pendulamu nayo ilikuwa ikiyumba pamoja nayo, kidogo mno kwa jicho kuona, lakini ya kutosha kuharibu hesabu. Vipimo vilivyochukuliwa Ulaya kwa stendi za namna ile vilikuwa vimebeba kosa hilo. Wenzake walisita kukubali. Mwaka 1877, mkutanoni Stuttgart, aliwawekea uchambuzi wote mezani, nao wakakubali.

Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kufundisha kwamba hakuna dai la binadamu lililo juu ya kusahihishwa. Wengi huisoma falsafa hiyo kama mawazo yaliyozaliwa maktabani. Mimi naisoma kama maneno ya mtu aliyekaa usiku kucha na stendi inayoyumba. Hakumaanisha kwamba hatujui kitu. Alikuwa ameona kwa mikono yake kosa likipatikana, likipimwa ukubwa wake na kutolewa kwenye hesabu, na baada ya hapo elimu ikawa imeongezeka.

Kisha ikaja kompyuta, na msemo wa wahenga ukapata uzito mpya. Binadamu hurudia kosa kwa uchovu au kiburi. Mashine hulirudia kwa uaminifu kamili, mamilioni ya mara bila kusita. Mwaka 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha fahirisi yake kwa pointi 1,000. Kila hisa ilipouzwa, kompyuta ilikokotoa fahirisi upya na kuzikata tarakimu zote baada ya nafasi ya tatu ya desimali. Ilizikata tu, haikutazama kama ilipaswa kupanda. Kila mkato uliivuta fahirisi chini kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya elfu ya pointi, na siku moja ilikuwa na mikato maelfu. Kufikia Novemba 1983 fahirisi ilisoma 524.811. Hesabu iliporekebishwa ilikuwa 1,098.892. Soko lilikuwa limepanda, na kompyuta ilikuwa ikitangaza kwamba limeporomoka nusu nzima.

Kosa la namna hiyo limeua watu. Saa ya mtambo wa kuzuia makombora wa Patriot ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa biti, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, na nafasi 24 za mashine ile ziliacha upungufu wa sekunde 0.000000095. Zidisha upungufu huo kwa sehemu za kumi zote zilizomo katika saa 100, yaani 3,600,000, utapata sekunde 0.34. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudia, mtambo uliokuwa umewashwa kwa takriban saa hizo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Ndiyo maana namheshimu William Kahan, aliyesimamia fikra za kiwango cha mwaka 1985 kinachoelekeza jinsi kompyuta zinavyohifadhi namba zenye desimali. Ndani yake imo kanuni ndogo: namba ikiangukia katikati kabisa ya mbili zinazoweza kuandikwa, ipelekwe kwenye ile inayoishia na tarakimu shufwa. Kwa nini shufwa? Kwa sababu ukiipandisha siku zote, au kuishusha siku zote, unajenga Vancouver nyingine. Shufwa na witiri hupokezana, kwa hiyo safari moja namba inapanda na safari nyingine inashuka. Kosa haliondoki, bali huhamishwa kutoka jamii isiyo na dawa kwenda jamii inayojitibu. Kahan alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1989.

Kabla yake, James Wilkinson alibadilisha swali lenyewe. Katika miaka ya 1940 wataalamu waliogopa kwamba milinganyo mingi ikitatuliwa kwa pamoja, makosa ya kukata tarakimu yangezaana hatua kwa hatua mpaka yalimeze jibu. Harold Hotelling alikuwa ameonyesha mwaka 1943 kwamba yangeweza kuongezeka mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa. Wilkinson alikuwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, pamoja na Alan Turing, walipoletewa milinganyo 18 ya kutatua kwa mashine za mezani za kuzungusha kwa mkono. Kwa hofu ya Hotelling, tarakimu kama kumi zingepotea. Walipomaliza, waliyarudisha majibu ndani ya milinganyo ya mwanzo, na pande mbili zikapatana karibu mpaka tarakimu ya mwisho.

Kutoka kwenye mshangao huo Wilkinson alijenga nadharia. Wengine waliuliza: jibu letu liko mbali kiasi gani na jibu la kweli? Yeye aliuliza: jibu letu ni jibu kamili la swali gani? Mara nyingi aliona kwamba ni jibu kamili la swali lililo jirani kabisa na lile lililoulizwa, tofauti zake zikiwa ndogo kuliko dosari ambazo vipimo vilikuja nazo tangu mwanzo. Hapo mkokotoaji hana hatia. Kama jibu bado linayumba, kuyumba ni kwa swali lenyewe.

Na maswali yanayoyumba yapo. Wilkinson alitunga mlinganyo ambao majibu yake yanajulikana: 1, 2, 3, mpaka 20. Ukiutandaza, kizigeu chake kimoja ni hasi 210. Alikibadilisha kwa kiasi cha 0.00000012 tu. Majibu kumi kati ya ishirini yaliacha kuwa namba za kawaida. Yakageuka namba changamano, ambazo hazina mahali kwenye mstari wa namba tuliofundishwa shuleni. Mlinganyo wenyewe ni mnyoofu kwa kuutazama, na majibu yake yametengana vizuri. Wilkinson aliwahi kusema kwamba kuligundua hilo kulimuumiza kuliko jambo lingine lolote katika kazi yake. Faida yake kwetu ni kwamba sasa mkokotoaji hutenganisha lawama mbili, ya njia na ya swali, kama Bessel alivyotenganisha nyota na mtazamaji.

Ufundi ninaoupenda kuliko yote ulitokana na hasira ya wikendi. Mwaka 1947 Richard Hamming alikuwa Bell Labs, Marekani, na aliruhusiwa kuitumia kompyuta ya rilei siku za Jumamosi na Jumapili, wakati hakuna mhudumu. Mashine ile iliweza kugundua kwamba imekosea. Siku za kazi ilimwita mtu. Wikendi iliitupa kazi na kuchukua nyingine. Baada ya kukuta kazi zake zimetupwa wikendi mbili mfululizo, Hamming alijiuliza: kama mashine inajua kwamba pana kosa, kwa nini isijue liko wapi na kulirekebisha?

Njia rahisi ni kurudia: kila biti itumwe mara tatu, na wengi washinde. Biti nne zitagharimu kumi na mbili. Hamming alitosheka na saba. Ziweke biti zako nne katika nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1, 2 na 4 ni za walinzi. Mlinzi wa 1 huzisimamia nafasi za 1, 3, 5 na 7. Wa 2 huzisimamia za 2, 3, 6 na 7. Wa 4 huzisimamia za 4, 5, 6 na 7. Kila mlinzi hujichagulia 0 au 1 ili idadi ya moja katika kundi lake iwe shufwa. Ukitaka kutuma 1011, utatuma 0110011. Sasa njia iharibu nafasi ya 6, na mpokeaji apate 0110001. Kundi la mlinzi wa 1 lina moja mbili: shwari. Kundi la 2 lina moja tatu: pana kasoro. Kundi la 4 lina moja iliyo peke yake: pana kasoro. Jumlisha namba za walinzi waliolalamika, 2 na 4. Unapata 6. Kosa limetaja anwani yake lenyewe.

Kuna uzuri mwingine ndani yake. Biti saba zinaweza kupangika kwa namna 128. Ujumbe halali uko 16, na kila mmoja una majirani saba wanaotofautiana nao kwa biti moja. Kumi na sita mara nane ni 128. Hakuna nafasi iliyobaki bure wala inayogombaniwa na wawili. Hamming alichapisha kazi hiyo mwaka 1950 akieleza pia mpaka wake: zikiharibika biti mbili, msimbo huu utarekebisha mahali pasipo penyewe. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon walibuni misimbo inayostahimili madhara makubwa zaidi, na matunda yake yako madukani kwetu. Kibandiko cha QR kilichopo kaunta ya duka, kikitengenezwa kwa kiwango cha juu cha ulinzi, husomeka hata kikipoteza karibu asilimia 30 ya maandishi yake kwa mikwaruzo na mafuta ya mikono.

Nikitaka kuona ufundi huu wote mahali pamoja, huangalia mradi wa OPERA. Septemba 2011 wanafizikia wake walitangaza kwamba chembe za nyutrino, zilizotumwa kutoka maabara ya CERN hadi ile ya Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, zinafika mapema kuliko mwanga kwa nanosekunde 60 hivi. Walikuwa na matukio zaidi ya 16,000, na wastani wao ulikuwa thabiti. Walikaa miezi wakitafuta kosa bila kuliona, kisha wakafanya kile ambacho Méchain hakuthubutu: wakaiweka tofauti hadharani na kuwaomba wengine wasaidie. Miezi michache baadaye walikuta waya wa nuru haukukazwa sawasawa, na saa moja ilikuwa na mwendo usio sahihi uliovuta hesabu upande wa pili. Kundi jirani, ICARUS, likapima kwa vyombo vyake na kukuta mwendo usiopita ule wa mwanga. Matukio 16,000 yalikuwa yamepita kwenye waya mmoja uliolegea.

Mwanafalsafa Deborah Mayo, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kosa na ukuaji wa elimu ya majaribio, ametoa kipimo ambacho visa hivi vyote vinakithibitisha. Dai halistahili kuaminiwa kwa sababu tu ushahidi unapatana nalo. Linastahili pale lilipopita kwenye jaribio ambalo lingelifichua kama lingekuwa la uongo. Vipimo vya Méchain vilipatana, na vya OPERA pia vilipatana, ila havikuwa vimepitishwa mahali ambapo kosa lao lingeonekana: kwa nyota za upande wa pili, kwa vyombo vya jirani.

Somo hili linatuhusu katika vyumba vya maabara vya sekondari zetu. Mwanafunzi hupewa uzi, jiwe dogo na saa, apime mbembeo na kutafuta nguvu ya mvutano. Anajua kitabu kinataka 9.8. Akipata 9.3, anapika data. Anarudi nyuma kutoka kwenye jibu, anatunga nyakati zinazolifikia, na anapewa alama zote. Alichokitupa ni 9.3 yake, namba pekee katika daftari lile iliyotoka duniani. Huenda uzi ulinyumbuka, huenda kidole kilichelewa kwenye saa, huenda stendi iliyumba kama ile ya Geneva. Mwalimu anayempa alama mwanafunzi aliyeandika 9.3, akakadiria inaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani, na akataja sababu mbili za kuchunguza, anamfundisha sayansi. Mitihani yetu ingeweza kutoa alama hizo. Gharama yake ni kubadilisha mwongozo wa kusahihisha.